Sura ya Sita: Siku Ishirini na Tatu bila Kushuka

Eskaveta ilikuwa imeachwa palepale ilipoua, mkono umenyooka juu ya lundo la kokoto, kijiko kimeinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Manyunyu yalikuwa yakiilowesha tangu alfajiri. Kuna aliyekuwa amemwaga mchanga mahali marehemu alipoangukia, lakini alimwaga kidogo mno, na mvua ilikuwa imeshaanza kuuchukua.

Nane alikanyaga cheni, akashika ukingo wa mlango, akajivuta hadi ndani ya kebini. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake zamani, wiki ileile feni ya injini ilipomla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hakuwahi kulikataa. Siku hizi alikuwa mkaguzi wa ajali za mitambo, na alipenda kusema kwamba vidole vilivyobaki vinatosha na kusaza kuwahesabu wakaguzi wenzake waliowahi kushika spana.

"Panda, afande," alimwita koplo aliyepewa kumsindikiza. "Haiumi. Imeshashiba."

"Huo si utani wa mahali hapa," alisema koplo, mwanamke mrefu ambaye mikono ya koti lake la mvua ilimwishia kwenye viwiko.

"Kweli kabisa. Lakini nikiacha utani nitalia, na skrini hii haipendi maji."

Koplo hakupanda. Alisimama mlangoni, akafungua jalada, akalikinga mvua kwa kifua.

"Tuna hadi saa kumi jioni," alisema. "Saa kumi jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Maelezo ni mafupi. Juzi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, opereta aliinuka kitini injini ikiunguruma. Kiwiko kikagusa fimbo ya kuongozea, mashine ikazunguka, kijiko kikampiga kifuani msaidizi wake wa kupaka grisi. Huyo mpaka grisi ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Opereta anashikilia kwamba kabla ya kuinuka alipandisha leva ya usalama. Tumeijaribu leva mbele ya mashahidi. Ukiipandisha, fimbo zinakufa. Kwa hiyo hakuipandisha, na amedanganya."

"Mmeijaribu mara ngapi?"

"Kumi."

"Mmefanya vizuri," alisema Nane, na koplo akashindwa kujua kama amesifiwa au amesimangwa.

Leva yenyewe ilikuwa hapo kushoto mwa kiti, nyekundu, imechubuka rangi kwa kushikwa. Ikiwa juu, mafuta hayafiki kwenye fimbo, na mtu anaweza kuzikalia asitikise hata jiwe. Chini yake kulikuwa na sensa yenye ukubwa wa kidole gumba.

"Kompyuta ya mashine haina macho," alisema Nane huku akibonyeza vitufe vya skrini. "Haiioni leva. Inasubiri kuambiwa na sensa hii kwamba leva iko juu au iko chini, na inaamini kila inachoambiwa. Kama bosi anayepata habari zote za ofisi kwa mtu mmoja."

Skrini iliwaka, ikafikiri, ikatoa maneno mawili: *Hakuna hitilafu.*

Nane aliyagonga kwa ukucha.

"Afande, una miaka mingapi kazini?"

"Kumi na mmoja."

"Faili lako la nidhamu ni jeupe?"

"Halikuhusu."

"Basi mashine hii imekuzidi. Ina saa elfu tisa na mia nne za kazi, inatafuna mawe kila siku, na haina doa hata moja. Hata namba ya betri dhaifu haina. Imeoshwa hii."

"Ni kosa kuziosha?"

"Ni kazi yetu ya kila siku. Fundi anasoma namba ya hitilafu, anaifuta, anawasha mashine, anatazama ipi inarudi. Inayorudi ndiyo ugonjwa. Isiyorudi ilikuwa mafua. Sasa wewe niambie, nani anapima mafua ya mashine iliyotoka kuua mtu?"

Alitoa waya mnene mkobani, akaunganisha laptopu yake na plagi iliyokuwa nyuma ya kiti. Chini ya kumbukumbu ya skrini kulikuwa na kumbukumbu nyingine, ambayo vitufe vya opereta na vya fundi havikuifikia. Upau mdogo ulianza kutambaa. Dakika arobaini, uliandika.

Hakusubiri. Alipiga magoti sakafuni, tochi mdomoni, akaifungua sensa ya leva kwa spana ndogo na kuiweka kwenye kiganja. Kisha akakuna nyuzi za skrubu yake kwa ukucha. Ukucha ulitoka mwekundu.

"Machimbo haya yana rangi gani?" aliuliza.

Koplo aligeuka kutazama. Mawe yalikuwa ya kijivu, vumbi lilikuwa la kijivu, tope lilikuwa la kijivu, na hata viatu vyake alivyovipiga rangi asubuhi vilikuwa vimeshajiunga na wenzao.

"Huo wekundu umetoka wapi?"

"Ndilo nililotaka uniulize. Twende tukatembee kidogo, tupashe miguu moto."

Eskaveta ya pili ilikuwa juu ya mteremko, mahali inapoondolewa ngozi ya udongo kabla ya kufikia mawe. Udongo wa huko ulikuwa mwekundu kama tofali. Mashine ilikuwa imelala, mlango wake haukufungwa, na maji yalikuwa yametuama kitini. Nane alimulika chini ya leva. Palipotakiwa kuwa na sensa palikuwa na tundu, na nyaya mbili zilizofungwa tepu nyeusi kwa haraka.

"Yatima," alisema.

Koplo aliandika. Safari hii hakumwambia aache utani.

Waliporudi chini upau ulikuwa umejaa. Nane alikaa kitini, akaweka laptopu mapajani, akasoma kwa muda mrefu pasipo kutoa neno, jambo lililomtia koplo wasiwasi kuliko mzaha wowote.

"Afande, tangu asubuhi umekwenda msalani mara ngapi?"

"Mkaguzi!"

"Ni swali la kikazi."

"Mara moja."

"Opereta wetu hajashuka hapa kwa siku ishirini na tatu. Njoo uone. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu leva iko juu, injini inawashwa. Lazima iwe juu, la sivyo stata haizunguki. Dakika mbili tatu baadaye leva inashuka. Sawa, kazi imeanza. Halafu haipandi tena. Haipandi wakati wa kula, haipandi wakati wa kujaza dizeli, haipandi mtu akienda kujisaidia. Hadi injini inazimwa jioni. Ukiiacha Alhamisi moja hapa katikati, ni siku ishirini na tatu za kazi. Kibofu gani hicho?"

"Kwa hiyo kompyuta imedanganya?"

"Imedanganywa. Tazama siku kumi kabla ya hapo. Namba ileile ya hitilafu imejitokeza mara sitini na moja: sensa ya leva haisomeki. Kompyuta ikikosa kujua leva iko wapi, inaogopa, inakata mafuta, mkono unakufa katikati ya kazi. Mara sita kwa siku! Malori yanapanga foleni, meneja anapiga kelele. Kisha asubuhi moja namba inatoweka, na hakuna sensa mpya iliyoletwa. Sensa haikupona, afande. Ilizibwa mdomo. Mtu aliunganisha nyaya zake mbili kwa waya mfupi, na kuanzia hapo kompyuta ikawa inaambiwa jambo moja tu kutwa nzima: leva iko chini, fanya kazi."

Koplo aliitazama leva nyekundu. "Kwa hiyo juzi aliipandisha."

"Aliipandisha, na mashine haikuwa na habari."

"Lakini sisi tuliijaribu mara kumi!"

"Mlijaribu sensa ya jirani. Haya, soma mwenyewe hapa chini. Saa nne na dakika thelathini na moja, sensa imekatwa. Dakika thelathini na nane, sensa imeunganishwa. Dakika arobaini, namba zote zimefutwa. Polisi mlifika saa ngapi?"

"Saa tano kasoro kumi," alisema koplo taratibu.

Karakana ilikuwa kibanda cha mabati chenye giza la mchana, mvua ikipiga juu yake kama watu wanaotaka kuingia. Fundi mkuu aliitwa Profesa kwa sababu hakugusa mashine kabla ya kuvaa miwani na kusoma kitabu chake. Miwani ilikuwa imefungwa waya wa shaba sikioni. Yeye na Nane walijuana tangu ujana.

"Nane, ndugu yangu. Vidole havijaota?"

"Navimwagilia kila asubuhi," alisema Nane. Akaiweka sensa juu ya meza, upande mwekundu ukitazama juu.

Profesa aliivua miwani.

"Saa nne na dakika thelathini na moja," alisema Nane. "Marehemu alikuwa hajafunikwa bado. Ulimruka, ukaingia kebini na spana."

"Sikumruka." Profesa aliiweka miwani juu ya meza. "Nilizunguka nyuma."

"Endelea."

"Nilikwenda kuzima injini. Nikafungua mlango wa ubavuni, nikauona waya kwenye plagi. Nane, wewe unajua. Hapa kila waya ni wangu. Ukikatika ni wangu, ukiungua ni wangu. Nani angekubali kwamba huo peke yake si wangu? Nikauchomoa. Nikaleta sensa ya mashine ya juu, nikafuta namba. Nilitaka tu mkikuta, mkute mashine nzima."

"Ukamkabidhi opereta kwa polisi."

"Sikumkabidhi mtu! Niliondoa waya."

"Ulipouondoa ndipo ulipomkabidhi. Uko wapi?"

Profesa alivuta droo. Waya ulikuwa na urefu wa shibiri moja, pini zimebanwa vizuri kwenye ncha zote mbili, na katikati umevishwa kipande cha mpira wa pampu ya grisi usije ukachubuka. Nane aliuzungusha chini ya taa.

"Kazi safi."

"Si yangu," alisema Profesa. "Mimi ningezungusha tepu, basi."

Koplo aliuliza, "Ulichomekwa mara moja ukaachwa?"

"Haiwezekani," walijibu mafundi wawili kwa pamoja, na Nane akamalizia: "Ukiwa umechomekwa, kompyuta inadhani leva iko chini, na mashine haiwaki. Kwa hiyo kila jioni mtu aliuchomoa, na kila asubuhi, injini ikishawaka, akauchomeka tena. Kwenye mlango wa ubavuni. Akiwa amesimama chini."

"Mimi naingia getini saa tatu," alisema Profesa haraka. "Daftari la mlinzi lipo."

"Ninalo," alisema koplo. "Ni kweli. Basi ni opereta mwenyewe. Anawasha, anashuka, anachomeka, anapanda. Mkaguzi, umemtoa kwenye uongo umemwingiza kwenye jambo baya zaidi. Sasa alifunga usalama wa mashine kwa mkono wake."

 Nane alifungua laptopu kwenye benchi la kazi, katikati ya chujio kuukuu na makopo ya boliti.

"Alhamisi," alisema. "Tarehe tisa. Siku hiyo leva inapanda na kushuka kama kawaida, na ile namba ya hitilafu imerudi mara tisa. Waya haukuchomekwa. Opereta alikuwepo?"

Koplo alipekua. "Amesaini. Kuingia na kutoka."

"Aliona mashine inamfia mara tisa, akakaa tu, na dawa iko mlangoni? Mwenye waya hakuwepo siku hiyo. Nani hakuwepo tarehe tisa, Profesa? Mpaka grisi?"

"Sikumbuki. Siku za hapa zinafanana."

"Daftari?"

"Yule alikuwa kibarua. Vibarua hawaandikwi. Wanaitwa kwa mdomo asubuhi, basi."

Saa nane na nusu walikuwa kituoni. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha lililo juu mno kuonyesha chochote. Opereta aliletwa akiwa na koti lilelile la kazi, kiwiko cha kulia kimetatuka. Hakuruhusiwa kwenda mazikoni jana yake, na mikono yake bado ilikuwa na vumbi la kijivu kwenye mikunjo, vumbi la juzi.

"Nilipandisha leva," alisema kabla hajakaa.

"Najua," alisema Nane.

Kwa mara ya kwanza mtu yule aliinua uso.

"Sensa ilikuwa imezibwa kwa waya. Nimeuona. Nataka mtu aliyekuwa akiuchomeka."

Uso ukashuka tena. "Sijui waya."

"Tarehe tisa mashine ilikufa mara tisa mikononi mwako. Nani hakuja kazini?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka kupandisha leva, hukumbuki siku uliyotukanwa na meneja mara tisa?"

"Mkaguzi." Opereta alisema polepole, kama anayeteremsha mzigo asijue aache wapi. "Mtu amezikwa jana. Mwacheni alale."

Kalamu ya koplo ilisimama.

"Bila jina hilo," alisema Nane, "aliyechomeka ni wewe. Ndivyo jalada litakavyosema."

"Basi andikeni mimi."

Hawakupata neno lingine. Alipokuwa akitolewa, opereta aligeuka mlangoni, akauliza kama mkewe bado yuko nje, na kama amekula.

Alikuwa nje. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mtandio mweusi kichwani, mimba yake ya miezi minane ikimfanya akae upande. Miguuni alikuwa na mfuko wa nguo safi za mumewe ambazo askari wa zamu alikuwa amezikataa mara mbili. Alipomwona Nane alitaka kusimama.

"Kaa, binti. Kaa."

"Wamesema nini, baba? Atapelekwa?"

Nane alikaa kando yake. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika kumi.

"Nikuulize jambo dogo. Alhamisi ya tarehe tisa, kaka yako alikwenda kazini?"

Mwanamke alifikiri. Kisha kitu kikafunguka usoni mwake, furaha ndogo ya mtu aliyeulizwa swali analolijua.

"Hapana. Tarehe tisa alinisindikiza kliniki. Mume wangu alinyimwa ruhusa, kaka akasema kibarua haombi ruhusa, anakosekana tu. Alikaa na mimi foleni tangu asubuhi. Akawa anawaambia wauguzi mwenye mimba ni yeye, mimi nimemsindikiza." Alitabasamu, halafu akakumbuka, tabasamu likabaki bila mwenyewe. Akapekua mkobani, akatoa kadi. "Hii hapa. Tarehe tisa, na mhuri. Na hapa jina la aliyenisindikiza, wanaandika siku hizi. Inamsaidia mume wangu?"

"Inamsaidia."

"Alhamdulillahi. Ichukue, basi. Ichukue!"

Koplo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Alinyoosha mkono. Nane alimtikisia kichwa.

"Ngoja kwanza ujue unanipa nini," alimwambia yule mwanamke.

Akamweleza. Hakutumia maneno ya kifundi, na hakutia mzaha wowote. Alieleza leva, waya, mlango wa ubavuni, mtu anayesimama chini kila asubuhi, na siku moja ambayo mtu huyo alikuwa kwenye foleni ya kliniki akiwachekesha wauguzi. Alipomaliza, mvua ilikuwa imekatika.

"Kaka yangu," alisema mwanamke.

"Ndiyo."

"Aliitengeneza mwenyewe. Iliyomuua."

"Ndiyo, binti."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Mashine ilikuwa ikizima mara sita kwa siku. Nadhani mumeo alikuwa karibu kufukuzwa."

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Meneja alimpa wiki moja. Mimi nikawa silali. Kaka akaja nyumbani jioni, akasema, dada, acha mawazo, nimeshaongea na mashine." Alivuta mtandio, akaushika kidevuni. "Nikacheka."

Nane alitazama mikono yake.

"Mume wangu alijua?"

"Alijua waya upo. Hilo ataulizwa, sikufichi, na huenda likamgharimu. Lakini alipandisha leva. Na amekataa kulitaja jina la kaka yako. Amesema tuandike yeye."

"Na mimi nikinyamaza?"

"Itaandikwa yeye."

"Nikisema, itasomwa mbele ya watu?"

"Mahakamani. Kwa sauti."

"Mama yangu ataisikia." Aliigeuza kadi, akaigeuza tena. "Jana mazikoni amesema hataki kumwona mume wangu mlangoni kwake mpaka afe. Sasa nikamwambie, mama, si yeye. Ni mwanao mwenyewe." Ndani, mlango wa chuma ulifungwa, na yeye akageuza shingo kuusikiliza mpaka mwangwi ukaisha.

Saa ya ukutani ilifika tisa na dakika arobaini. Askari wa zamu alichungulia, akamwonyesha koplo saa ya mkononi. Koplo alimpungia mkono aondoke.

Mwanamke alishika ukingo wa benchi, akasimama kwa shida, akakataa mkono wa Nane. Akamfuata koplo hatua zile tatu.

"Nakili, afande," alisema. "Tarehe, mhuri, na jina lake andika lote, usilikosee. Na usiikunje. Nina kliniki Jumatatu."

Koplo aliipokea kwa mikono miwili.